Je, Gari Lisilo la Biashara Halihitaji Pamiti?

 

Ndugu wazazi, kuna maneno yanazunguka kwenye baraza zetu hapa Nakawa, hasa baada ya swala ya Isha wakati watu hawana haraka ya kurudi nyumbani. Yanasemwa na watu wazima, wengine wao tunawaita haji na tunawapisha safu ya mbele. Wanasema hivi: pamiti ya udereva ni ya watu wa biashara. Mwenye taksi, mwenye bodaboda, mwenye lori la mchanga, hao ndio serikali iliwatungia sheria kwa sababu wanabeba watu na mizigo kwa pesa. Ama mimi, ninayetoka Kinawataka kumpeleka mama watoto sokoni na watoto madrasa, kwa gari langu na mafuta yangu, bila kumtoza mtu hata shilingi moja, mimi si dereva. Mimi ninatembea tu, na kutembea ni haki yangu. Kwa hiyo kijana wangu akishika usukani mpaka Ntinda na kurudi, trafiki anayemsimamisha anamdhulumu.

Maneno haya si kweli kwa sheria ya nchi, na si kweli kwa sheria ya dini yetu. Tungeyaacha yapite kama porojo za baraza, lakini yanafanyiwa kazi. Siku ya Ijumaa simama nje ya msikiti wowote mkubwa wa mji huu utazame ni nani anayerudisha gari kinyumenyume katikati ya watu waliobeba miswala yao. Mara nyingi ni kijana wa miaka kumi na tano au kumi na sita, na baba yake amesimama pembeni anatabasamu kwa fahari.

Tuanze na sheria ya nchi, maana ndiyo inayodaiwa kuwa upande wao. Sheria ya Usalama Barabarani ya Uganda ya mwaka 1998 inakataza mtu yeyote kuendesha gari barabarani bila kuwa na pamiti halali ya aina ya gari analoliendesha, au pamiti ya mwanafunzi kwa anayejifunza. Inasema mtu yeyote. Haikusema mtu anayelipwa, wala haikusema gari la abiria. Tena sheria hiyo haikuishia kwa aliyeshika usukani. Inamkamata pia mwenye gari, au aliyekabidhiwa gari, akimruhusu mtu asiye na pamiti kuliendesha. Haji aliyerusha ufunguo ana kosa lake yeye mwenyewe, mbali na kosa la kijana. Hili watu wengi hawalijui, na nadhani wakilijua fahari ile itapungua kidogo.

Basi huu uvumi wa biashara umetoka wapi? Umetoka katika kuchanganya karatasi mbili. Kuna pamiti, ambayo ni ya mtu. Inathibitisha kwamba fulani amefikia umri, macho yake yanaona, amefundishwa, amepimwa na mkaguzi, na anaruhusiwa kuendesha gari la daraja fulani: A kwa pikipiki, B kwa gari dogo la kawaida, na madaraja mengine kwa malori na magari ya abiria. Halafu kuna leseni ya kufanya kazi ya usafirishaji, ambayo ni ya gari na ya shughuli yake. Hiyo ndiyo inayomhusu mwenye taksi na mwenye lori. Mtu aliyesikia kwamba gari lake la nyumbani halihitaji leseni ya kubeba abiria amesikia sawasawa. Kosa lake ni kuihamisha hukumu ya karatasi ya pili akaibandika juu ya ile ya kwanza. Ni kama mtu aliyeambiwa kwamba msafiri hupunguza swala, naye akaondoka na fatwa kwamba msafiri haswali.

Hata hivyo, sheria inatambua jambo liitwalo binafsi, ila inaliangalia kwa jicho jingine. Inauliza gari liko wapi. Kinachotawaliwa ni uendeshaji wa barabarani, yaani mahali ambapo umma unapita. Ukiwa na kiwanja chako kilichozungushiwa ukuta, ukamfundisha mwanao kuwasha gari na kulisogeza mbele na nyuma humo ndani, hapo uko kwako. Ukifungua geti na gurudumu la mbele likagusa Port Bell Road, umetoka kwako. Umeingia katika mali ya watu wote: mwanafunzi wa Kyambogo anayevuka, mama muuza ndizi anayerudi kutoka soko la Nakawa na beseni kichwani, bodaboda mwenye abiria wawili nyuma. Hakuna hata mmoja kati yao atakayegongwa kidogo kwa sababu wewe hukutoza nauli.

Wengine, waliosoma zaidi, wanakimbilia Katiba. Wanasema Katiba ya mwaka 1995, ibara ya 29, imempa kila Mganda haki ya kwenda popote ndani ya nchi yake. Ni kweli imempa, na tunamshukuru Allah kwa hilo, maana nchi hii imepitia miaka ambayo mtu hakuthubutu kutoka mtaa mmoja kwenda mwingine. Lakini waendelee kusoma mpaka ibara ya 43, inayosema kwamba katika kutumia haki hizo mtu asivunje haki za wengine wala maslahi ya umma. Isitoshe, haki ya kwenda Jinja ni kitu kimoja na haki ya kuendesha chuma cha tani moja na nusu kwenda Jinja ni kitu kingine. Asiye na pamiti hajazuiwa kwenda. Apande taksi, apande basi, apakiwe na mwenye pamiti, aende kwa miguu akitaka. Hakuna askari atakayemuuliza pamiti ya kutembea.

Hoja hii ya "mimi sisafirishi, ninasafiri tu" haikuzaliwa Kampala. Imetoka Marekani, ambako kuna watu wanaodai kwamba neno dereva katika sheria lina maana ya mtu wa biashara tu, na kwamba mwananchi huru kwenye gari lake hahitaji leseni wala namba ya gari. Wamezisumbua mahakama za huko kwa miaka mingi na wanashindwa. Jambo lenyewe liliamuliwa zamani sana. Mwaka 1910 mtu mmoja aitwaye Hendrick, mkazi wa jiji la Washington, aliendesha gari lake kuingia jimbo la Maryland, akatozwa faini kwa kutokuwa na cheti kilichotakiwa na jimbo hilo. Alipeleka kesi mpaka Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1915 akashindwa. Majaji waliona kwamba magari ni vyombo vya hatari barabarani, na kwamba jimbo lina haki ya kuyasajili na kuwapa leseni madereva wake.

Kuna kesi nyingine wanayoipenda zaidi, ya Thompson, iliyoamuliwa Virginia mwaka 1930. Wanaitaja kwa sababu ndani yake jaji alizungumzia haki ya raia kutumia barabara kwa gari lake. Wanachokiacha ni kwamba hukumu hiyo hiyo ilikubali kwamba mji unaweza kutoa, kunyima na hata kufuta vibali vya kuendesha magari ya binafsi, mradi ufanye hivyo kwa kanuni zinazowahusu wote na si kwa matakwa ya ofisa mmoja. Wanachukua kipande wakaacha kizima. Sisi Waislamu tunawajua watu wa namna hii, kwa sababu tunao wanaofanya hivyo hata kwa aya.

Na ukirudi nyuma zaidi utaona kwamba hoja yao imegeuzwa kichwa chini miguu juu. Uingereza, iliyotuletea mfumo huu wa sheria, ilianza kudai leseni ya dereva kwa sheria ya mwaka 1903, iliyoanza kutumika Januari 1904. Magari ya wakati ule kwa sehemu kubwa yalikuwa starehe ya matajiri, waliotoka nayo siku za mapumziko wakitimua vumbi na kuwatisha farasi. Leseni ilizaliwa ikimkusudia hasa bwana mkubwa na gari lake la binafsi. Mtihani wa lazima ulikuja baadaye, mwaka 1935, baada ya watu wengi kufa barabarani.

Sasa tuje nyumbani kwetu, kwenye dini. Kuna anayesema, "Hiyo ni sheria ya serikali, haina uhusiano na halali na haramu." Ndugu yangu, wanazuoni wameshalizungumza jambo hili muda mrefu. Baraza la Kimataifa la Fiqhi la Kiislamu, lililo chini ya jumuiya ya nchi za Kiislamu OIC, lilikutana Bandar Seri Begawan, Brunei, Juni 1993, likapitisha azimio nambari 71 kuhusu ajali za barabarani. Liliamua kwamba kufuata kanuni za barabarani zisizopingana na sharia ni wajibu kisharia, kwa sababu ni katika maslahi ambayo kiongozi amepewa mamlaka ya kuyasimamia. Likaeleza pia kwamba dereva anabeba dhamana ya madhara anayowasababishia wengine. Hawakuitenga safari ya biashara na safari ya kumpeleka bibi hospitali.

Wala hawakuzua jipya. Mashafi, ambao ndio wengi wetu Afrika Mashariki, wamefundisha karne na karne kwamba aliye pamoja na mnyama wake anadhamini alichokiharibu mnyama huyo, awe amempanda au anamkokota. Hukumu haikuulizia kama punda alikuwa amekodishwa. Al-Mawardi, aliyefariki mwaka 1058, alipoandika kazi za muhtasib alisema anamzuia mtu kumtumikisha mnyama kuliko uwezo wake, na anawazuia wenye vyombo vya majini kupakia kupita kiasi au kusafiri upepo ukiwa mkali. Mnyama ni wa mtu mwenyewe! Lakini umiliki haukuwa ngao yake. Na zile hadithi za haki ya njia, walizozipokea Bukhari na Muslim, zilihusu watu waliokaa tu kando ya barabara wakizungumza. Hawakuwa na chombo wala bidhaa, na bado Mtume (s.a.w.) akawafundisha kwamba njia ina haki yake, na miongoni mwa haki hizo ni kujizuia kuwaudhi wapitao. Ikiwa aliyekaa ana wajibu kwa wapita njia, aliyekanyaga mafuta itakuwaje?

Tutazame pia hadithi aliyoipokea Abu Daud kuhusu utabibu. Maana yake ni kwamba anayewatibu watu hali hakujulikana kuwa na elimu hiyo, akasababisha madhara, dhamana ni yake. Haikusema kama alitoza ada. Huenda alimtibu jirani yake kwa mapenzi na kwa ajili ya Allah. Mapenzi hayakugeuka kuwa elimu. Mimi naona hakuna mfano ulio karibu zaidi na huu. Pamiti ni njia ya kujulikana kuwa una ujuzi. Asiyenayo huenda anajua kweli kuendesha, lakini hajajulikana, na sisi tulioko barabarani hatuna namna ya kumpima akiwa anatujia kwa kasi ya kilomita themanini kwa saa.

Na tusisahau Suratun Nisaa aya ya 92, inayoeleza hukumu ya aliyemuua muumini kwa bahati mbaya: diya kwa jamaa wa marehemu isipokuwa wakisamehe, na kafara, ambayo kwa asiyeweza kuacha mtumwa huru ni kufunga miezi miwili mfululizo. Wazazi, mnamjua kijana wenu. Ramadhani moja mnamuamsha daku kwa kumvuta shuka. Mmemuweka mahali ambapo kosa la nusu dakika litamdai siku sitini za saumu, na hapo hatujazungumzia kesi, wala mama wa yule aliyekufa.

Sizungumzii jambo la kufikirika. Takwimu za polisi ya Uganda zinaonyesha watu 4,806 walikufa katika ajali za barabarani mwaka 2023, na mwaka 2024 wakawa 5,144. Hiyo ni wastani wa watu 14 kila siku ya Mungu. Wengi wao ni waendao kwa miguu na waliopanda pikipiki, yaani wale wasio na bati la kuwakinga.

Nataka nikae kidogo kwenye jambo la magari ya jamaa, kwa sababu hapa ndipo watu wema wanapoteleza. Familia kadhaa zinachanga mafuta, mmoja ana gari la viti kumi na vinne, watoto wanapelekwa shule na madrasa pamoja. Au kuna msiba, tunakwenda kuzika Iganga, na kila gari linatakiwa. Hapo husikii mtu akiuliza pamiti. Anayejua kuwasha anapewa. Wakiulizwa wanajibu kwamba hakuna nauli, ni mchango tu, ni fii sabilillah. Ndugu zangu, sheria ya mwaka 1998 ilishaliona hili. Ilipopanga leseni za magari ya abiria haikutaja ya biashara peke yake, ilitaja pia mabasi ya binafsi, yasiyo ya kukodishwa. Na anayeendesha gari la abiria wengi anatakiwa awe na daraja la pamiti linalolihusu gari hilo, si B aliyoipatia kwenye gari dogo. Watunga sheria walielewa jambo ambalo mama yeyote analielewa: watoto kumi na wanne ni watoto kumi na wanne, wamelipiwa au hawakulipiwa. Ningetarajia tuwe wakali zaidi kwa gari la madrasa kuliko kwa taksi. Kwenye taksi abiria mtu mzima anaweza kupiga kelele, "Dereva, punguza mwendo!" Mtoto wa miaka saba ataimba kasida mpaka mwisho wa safari.

Kuna jambo jingine ambalo dada zetu wamelisema, na wanaume tumelisikia tukanyamaza. Katika nyumba nyingi mke akiomba kuendesha gari anaambiwa aende kwanza shule ya udereva, asome, afanye mtihani, apate pamiti, halafu tutaona. Anakwenda, anasoma, anapata. Bado ufunguo haupati. Unakwenda kwa kaka yake mdogo au kwa mtoto wa kiume ambaye hajamaliza sekondari. Basi tulijua muda wote kwamba pamiti inahitajika! Tuliidai pale tulipotaka kuzuia, tukaisahau pale tulipotaka kujionyesha.

Najua watakaonijibu kwa habari ya pesa. Watasema ofisi hizi zinakula watu, ada hazishi, leo pamiti mpya, kesho namba mpya za kidijitali, keshokutwa faini za kamera. Mengine wana haki kuyalalamikia. Faini za kielektroniki zilipoanza kutumika kwa nguvu Juni 2025, kelele zilikuwa kubwa kiasi kwamba serikali yenyewe ilizisimamisha mwezi huo huo ili kuzitazama upya. Mwenye malalamiko ayapeleke kwa mbunge wake au mahakamani, na sisi tutamuunga mkono. Lakini ada ikiwa kubwa, dawa yake ni kudai ipunguzwe. Haimfanyi mtoto wa miaka kumi na tano kuwa na miaka kumi na minane. Na yule anayesema kwamba wapo walionunua pamiti bila mtihani anasema kweli pengine, ila asichanganye: hao ni wezi wa aina yake, na barabara haiwi salama kwa kuongeza wasiojua juu ya waliohonga.

Amebaki haji mmoja ninayemheshimu sana, anayesema, "Mimi nimeendesha miaka ishirini bila pamiti, na Alhamdulillahi sijamkwaruza hata kuku." Tunamshukuru Allah pamoja naye. Sasa kwa kuwa anajua hivyo, na amezoea jamu ya Jinja Road kuliko mwalimu yeyote wa udereva, mtihani utamchukua asubuhi moja. Apimwe macho, akae kwenye usukani mbele ya mkaguzi, azunguke, aegeshe, ashuke. Atapasi. Na kama hatapasi, basi sisi tunaovuka pale sokoni Nakawa na watoto mkononi tulikuwa na haki ya kulijua hilo miaka ishirini iliyopita.